Mwalimu wa Mpira Tuliyempenda

Mapema mwaka huu, nchi ikiungoja Uhuru, nilikuwa barazani kwa shule moja ya sekondari huku Likoni, namngoja mkuu wa shule. Ndani, dirisha likiwa wazi, wazee wa kamati walikuwa wakimhoji kijana aliyeomba kazi ya kufundisha timu ya mpira.

Mwishowe kijana naye akauliza. "Mwalimu aliyekuwapo kabla yangu yuko wapi?"

"Ameondoka," akajibu mwenyekiti, mkono kifuani. "Lakini tulimpenda, wallahi."

"Na aliyemtangulia?"

"Huyo naye tulimpenda sana."

"Walikuwa wakikaa wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mambo ya nyumba tutayatazama Uhuru ukija, inshallah."

Kijana akachukua kofia yake taratibu. "Basi mimi msinipende, wazee wangu. Nipeni chumba kisichovuja na mpira usio na viraka."

Kamati ikamwona hana adabu, ikamchukua mwingine, aliyeitikia "naam" kwa kila neno. Sisi watu wa huku kwa kupenda hatujambo.

Juzi nilipita uwanjani kwao. Vijana walikuwa wakicheza peke yao. Nikamwuliza mwenyekiti habari za mwalimu mpya.

Akauweka mkono kifuani. Sikungoja jibu.