Baraka ya Mgongoni

Mwaka ule wanafunzi wangu wa kilimo walimalizia mafunzo ya vitendo nyumbani kwetu Ngulyati, nje kidogo ya Bariadi, kwenye pamba ya mama yangu. Mtihani wa mwisho walikuwa wameshaufanya chuoni. Mafunzo yakiisha, kila mmoja angepanda basi na kwenda zake, nami ningerudi chuo kikuu kupokea wengine.

Nikizikumbuka siku zile naziona kama mtu anayetazama huku anasinzia. Ilikuwa kiangazi, msimu wa kuvuna. Vumbi la barabarani lilikaa hewani tangu asubuhi mpaka jioni bila kutua, na jua likapita ndani yake likiwa limechoka. Nyuzi za pamba zilielea, zikanasa kwenye nywele za vijana wangu, wakawa wanatembea shambani na mvi kabla ya umri wao. Hakuna aliyekuwa na haraka. Hata ng'ombe walikunywa maji na kubaki wamesimama palepale, kana kwamba wamesahau njia ya kurudi.

Ghala la chama cha ushirika lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao, wakanunua pamba kandokando ya barabara, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwizi. Mama aliwaita wote wachuuzi tu. Darasani nilikuwa nikifundisha soko huria kwa mishale mingi ubaoni, na kwa kweli nilikuwa nalifundisha vizuri. Pale shambani sikuona mshale hata mmoja.

Katika wiki ya mwisho redio ilitangaza kwamba serikali imesitisha ajira mpya. Miaka ya nyuma kuaga kwangu kulikuwa kwepesi, kwa sababu kila mhitimu alishajua kituo chake: huyu Newala, yule Mbozi, nenda ukawe bwana shamba, tutaonana Mungu akipenda. Safari hii sikuwa na pa kuwapeleka. Vijana waliisikia redio, wakaendelea kuchambua pamba, nikajua wananisubiri mimi niseme. Nilizungumza sana juu ya wadudu.

Nilimwomba mama asifanye jambo kubwa siku ya kuondoka. Mama yangu na kuombwa, wapi na wapi. Asubuhi ile alikuwa ameshachemsha michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na maziwa mgando yamejaa vibuyu. Vijana wakamwamkia mama kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mayu," kwa lafudhi za kwao, naye akaitikia, "Mwangaluka mhola," akawalisha mpaka wakalegea. Halafu akaingia ndani na kutoka na kibuyu kingine, cha maji yaliyokorogwa na unga wa mtama.

Nyumbani kwetu, mtoto wa nyumba akisafiri, mzazi hujaza maji hayo mdomoni na kumpulizia kifuani. Kwanza mtoto hugeukia upande anakokwenda, ili baraka imtangulie. Mgeni hapuliziwi. Nilipoona kibuyu nilijua kwamba mama ameshawafanya wanawe, nami nikaogopa, maana nilijua pia atakachowaambia.

Alianza na kiongozi wao, kijana mrefu kutoka Iringa aliyekuwa na jibu kwa kila swali langu.

"Geukia unakokwenda, baba," mama akamwambia, kisha akajaza maji mdomoni.

Kijana hakugeuka. Alitazama barabara, akatazama shamba, mwisho akanitazama mimi. Mama alisubiri, mashavu yamemvimba, hawezi kusema neno. Siku nyingine ningecheka. Wenzake waliacha kufunga mabegi.

"Mwalimu," kijana akasema taratibu, "nigeukie wapi?"

Nilikuwa nimewafundisha miaka yote ile, na bado walinitazama kwa imani ileile ya darasani, jambo lililoniumiza kuliko kitu chochote.

"Sijui," nikasema. "Kazi hazipo, wanangu. Mimi sijui mtakwenda wapi."

Mama akamshika kijana mabega, akamzungusha mpaka akampa mgongo, akampulizia maji yote mgongoni. Shati likamganda.

"Mayu, si hivyo," nikamwambia. "Ni kifuani."

Akajifuta mdomo kwa kanga. "Kifuani wapi, naye hajui anakokwenda? Huyu aende kokote, mgongo wake utakuwa huku kwetu. Basi tunaupulizia huohuo. Haya, mwingine aje."

Wakaja wote, wavulana kwa wasichana, wakampa mgongo mmoja baada ya mwingine. Kisha wakashika njia ya kwenda barabarani. Nilikuwa nimezoea nyuso zao, na sasa niliona migongo tu, imelowa, ina madoa meupe ya unga, ikififia ndani ya vumbi. Nilitamani kuwaita wageuke. Niliwapenda vijana wale na sikuwa na cha kuwapa, nikalia mbele ya mama yangu, mtu mzima mimi.

Mama akanipa kibuyu. "Puliza na wewe," akasema. "Ni wanao pia."

Nikajaza mdomo, nikapuliza kuelekea barabarani. Walikuwa wameshafika mbali, na maji yote yakaangukia miguuni pangu.