Nilijipangia kiangazi cha utulivu, nikaiweka safari ya kwa kaka yangu mwisho

Assalaam alaykum wakuu, na wasio wa salamu hiyo nawatakia amani.

Mimi ni mtu mzima, nimestaafu kufundisha madrasa, naishi Rutamba, ndani kidogo kutoka Lindi mjini. Humu jukwaani huwa nasoma tu. Binti yangu Zena ndiye aliyenifungulia akaunti, akanionyesha pa kubonyeza. Vijana wa humu mkisikia jambo zito mnauliza kama ni chai, yaani hadithi ya kutunga. Sina umri wa kupika chai ya namna hiyo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na bado nimo ndani yake.

Naandika polepole. Mnivumilie.

Masika yalipokuwa yanaisha niliugua kichwa, macho yakaona ukungu. Zena anafundisha shule ya msingi Lindi, akanipeleka hospitali. Presha. Daktari, kijana mpole, aliniambia, "Mzee, dawa nakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Punguza mambo."

Nina mambo gani? Nina mengi. Kwetu huku kiangazi ndiyo msimu wa kila kitu. Mavuno ya chakula yameingia ndani, barabara zimekauka, watu wanaoa, watoto wanaingia jando na unyago, hitima zilizoahirishwa zinasomwa. Na palipo na shughuli wanamtafuta mwalimu. Mume na mke wakikosana, mwalimu. Mpaka wa shamba ukisogezwa, mwalimu.

Zena akaniambia, "Baba, kiangazi hiki jiwekee malengo machache. Madogo. Matatu tu. Yaandike mahali unapoyaona."

Nilicheka. Lakini baadaye nikafikiri, hii si ndiyo nia? Sisi tumefundishwa kwamba amali huanza na nia. Nikachukua ubao mmoja wa madrasa uliobaki nyumbani, ule tuliokuwa tunaandikia watoto alifu, nikauosha, nikaandika:

Moja, kila asubuhi kutembea hadi kwenye mikorosho yangu na kurudi, bila jembe.

Mbili, kila siku baada ya Adhuhuri kupumzika, simu izimwe hadi Alasiri.

Tatu, kwenda Somanga kwa kaka Selemani, kutaka radhi.

Hilo la tatu lazima nilieleze, maana ndilo lililonileta humu.

Kaka Selemani ni wa tumbo moja na mimi, amenitangulia miaka sita. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma dini. Yeye hakusoma. Alilima, akavua kidogo, na alikuwa mpiga ngoma. Sherehe za unyago za pande zile hazikukamilika bila mikono yake.

Mimi nikarudi na elimu yangu, na ulimi wangu.

Binti yake Hadija alipochezwa unyago, kaka aliweka ngoma kubwa nyumbani kwake, siku kadhaa. Nilimwambia ngoma ile ina mambo yasiyofaa. Akasema ni mila, watoto wa kike wote wa ukoo wamechezwa. Nikasema, mbele ya watu, "Nyumba hiyo sitaikanyaga tena."

Kiangazi kilichofuata mkewe akafariki. Nilikwenda makaburini, nikaswali, nikatia udongo, nikaondoka bila kupita nyumbani kwake. Watu waliona.

Siku za arobaini zilipokaribia, kaka akapanda basi mwenyewe, akaja Rutamba. Alinikuta barazani nafundisha. Akasimama juani, kofia mkononi, akasema, "Mdogo wangu, njoo umsomee shemeji yako Yasini. Watu watasoma, lakini nataka sauti yako."

Yule mwanamke alinipikia miaka minane. Nami nilifanya nini? Nilitoa hotuba. Mbele ya watoto wa watu nilimwelezea kaka yangu mkubwa hukumu ya ngoma, na hukumu ya nyumba yenye ngoma, nikataja na vitabu.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akavaa kofia. Akasema, "Basi. Nimekusikia, shehe."

Hakuniita mdogo wangu. Aliniita shehe. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Imepita miaka tisa.

Hapa niweke jambo wazi kwa wasiojua dini yetu. Mja akimkosea Mola wake, hutubu, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja mwenzio iko kwa mja mwenyewe. Lazima umwendee akuachilie. Hili nimewafundisha watoto wengi sana, na nilikuwa nawapa mtihani.

Nirudi kwenye ubao. Mtani wangu Mzee Mpili alikuja kunijulia hali, akausoma. Yeye ni Mngindo, sisi Wamwera, na utani wa nyumba zetu ni wa tangu babu zetu. Yeye hunitukana hata msikitini.

"Hee, mwalimu! Siku hizi unajiandikia adhabu mwenyewe?"

"Ni malengo ya kiangazi."

"Mbona Somanga umeiweka huku chini kabisa, kwenye vidole vya miguu?"

"Nataka moyo utulie kwanza, ndipo niende. Na kwenda nitakwenda na wewe."

"Moyo wako, Mmwera wewe, utatulia tukishaufukia."

Tulicheka. Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kwa desturi yetu ugomvi wa ndugu ukishakuwa mkubwa, hamuendi wawili mikono mitupu. Anatangulia mtani. Yeye atatukana, atachekesha, atawaambia wote wawili ukweli, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Ndipo mkosaji anaingia. Kwa hiyo kumngoja Mpili ilikuwa sahihi. Nilijiambia hivyo, na yeyote wa huku angenikubalia.

Wakuu, lengo la kwanza na la pili yalinifaa sana, na ninamshukuru Mola kwa hilo hata leo. Asubuhi nilikuwa natembea na fimbo, umande kwenye majani makavu, natazama mikorosho inavyochanua. Mchana nazima simu, nalala kwenye mkeka, hakuna wa kuniambia fulani kamfanyia nini fulani. Nilipima presha, ikashuka. Daktari akanipa mkono. Nilijiona mtu aliyeokoka.

Utulivu huo ndio ulionidanganya. Niliuonja, ukawa mtamu, nikaogopa kuuharibu. Kila nilipofikiria mlango wa kaka, moyo ulikwenda mbio, nami nikasema, si nimeambiwa nisiushtue?

Nikasema tumalize kupulizia salfa kwenye mikorosho. Tukamaliza. Mpili akapata msiba Kilwa Kivinje, akakaa huko wiki tatu. Ningeweza kwenda peke yangu. Nikasema desturi hairuhusu. Mimi niliyemkataa ndugu yangu kwa sababu ya mila, sasa najificha nyuma ya mila.

(Samahani, nilikwenda kuswali Alasiri. Naendelea.)

Mpili aliporudi nikaona aibu kumpa sababu nyingine. Tukapanda gari hadi Lindi, pale tukapata basi la kwenda Dar, tukashuka Somanga kwenye wauza samaki wa kukaanga. Njia nzima Mpili alinichokoza. Akawatangazia abiria, "Huyu mnayemwona na kanzu, ndugu yake anamdai Yasini moja! Yuko njiani kulipa!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Niliona mwepesi, kama mtu anayekwenda kwenye harusi.

Nyumba ya kaka iko nyuma ya barabara. Mpili akatangulia, akapiga kelele kutoka uani:

"Hodi! Hodi wenye nyumba! Nimewaletea mwizi wenu, nimemkamata! Leteni kamba!"

Akapiga makofi, akaongeza:

"Selemani! Toka nje uje kupokea shehe aliyechacha!"

Akatoka Hadija. Sasa ni mama wa watoto wawili. Kanga kiunoni, beseni la maji mkononi. Alimtazama Mpili, akanitazama mimi. Akaweka beseni chini.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Baba yupo?"

"Yupo." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Yupo, lakini hasemi."

Mpili alivua kofia.

Kaka alipata kiharusi. Mara ya kwanza kilimchukua mguu na mkono wa kulia, lakini maneno yalikuwepo, kwa shida. Siku chache baadaye kikarudi, kikachukua ulimi. Ilikuwa imepita miezi miwili. Nilihesabu kichwani. Ilikuwa karibu na siku zile nilizopimwa presha nikapewa mkono.

Nilimuuliza Hadija, na naona haya kwamba nilimuuliza kwa sauti ya lawama, "Mbona hamkuniambia?"

Akajibu bila ukali. "Baba mdogo, wewe ulisema hutaikanyaga nyumba hii. Tungekuitaje?"

Kisha akasema, na haya ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo:

"Lakini nilikupigia. Mara moja. Kabla hakijarudi. Baba mwenyewe aliniambia, mpigie mdogo wangu, nina neno naye. Ilikuwa mchana, baada ya Adhuhuri. Ukawa hupatikani. Nikajua umeiona namba yetu ukazima. Sikurudia tena."

Mchana. Baada ya Adhuhuri. Nilikuwa kwenye mkeka, natimiza lengo langu la pili.

Mdogo wangu, nina neno naye.

Neno gani? Wakuu, neno gani? Nimekusamehe? Au, siku ya hukumu nitasimama nawe mbele ya Mola kwa ajili ya mke wangu? Yote mawili ni haki yake kusema. Naligeuza neno hilo tangu alfajiri mpaka isha, na sijapata upande linapolalia.

Nikaingia. Nyumba niliyoiapia. Kaka alilala ubavu, amepungua, ndevu nyeupe. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote, bila kitabu na bila hotuba. Nikamwomba anihalalishe. Macho yake yalikuwa juu yangu. Sijui kama yalikuwa yananiona. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Kaka, kama umenisamehe, nibane kidole." Nilingoja sana. Mkono ulikuwa wa joto, basi.

Nikatia udhu, nikaketi, nikafumba macho, nikaanza Yasini. Ile aliyoiomba miaka tisa iliyopita, akiwa amesimama juani.

Sikufika hata robo, nikasikia mgongano mdogo. Nikafungua macho. Vidole vya mkono wake wa kushoto vinapiga ubao wa kitanda. Tatu, kimya, mbili. Tatu, kimya, mbili.

Hadija aliyekuwa mlangoni akajifunika kanga usoni. Ile ni ngoma ya unyago. Ni mdundo aliochezewa Hadija mwenyewe siku zile.

Nikinyamaza, vidole vinanyamaza. Nikisoma, vinapiga.

Tulipotoka nilimuuliza Mpili, "Unaonaje? Amenisamehe, au ananijibu?"

Nilitaraji utani. Akasema, "Mmwera, mimi ni mtani. Sikuumbwa malaika." Akanishika mkono mpaka kwenye basi, kama anavyoshikwa kipofu.

Tangu hapo naenda Somanga kila Alhamisi. Nasoma, anapiga. Sijamzuia. Siku nyingine nafikiri ananisindikiza. Siku nyingine nafikiri ananikumbusha kila aya kosa langu. Daktari wa kule ametuambia kwa upole kwamba ulimi hautarudi.

Nimewafundisha watu kwamba kukata tamaa na rehema ya Mola ni dhambi. Naliamini hilo hadi sasa. Rehema yake siitilii shaka. Lakini msamaha wa kaka yangu ulikuwa katika kinywa cha kaka yangu, na kinywa kimefungwa, nami nilikuwa nimelala. Sijui mtu huliwekea wapi tumaini jambo kama hili. Nashukuru kwamba yu hai. Nashukuru Hadija hunipokea kwa chai na muhogo, na haniulizi kitu. Shukrani ninayo. Raha ndiyo sina.

Ubao wangu bado uko ukutani. Nimefuta la kwanza na la pili. Kutembea natembea, dawa nameza, lakini hayo hayahitaji kuandikwa.

Fundisho langu ni dogo. Ukijiwekea malengo ya kutuliza maisha yako, lile linaloufanya moyo uende mbio unapoliandika, lianze nalo hilo. Usisubiri utulie ndipo uende. Mimi nilidhani utulivu ni mlango wa kuingilia kwa kaka, kumbe kaka ndiye aliyekuwa mlango. Na kama una neno na mtu ambaye bado anaongea, funga uzi huu sasa hivi, umpigie. Kuchangia utarudi.

Wenye elimu kunizidi, na mlio na yaliyowafika kama haya, niambieni. Aliyemkosea mtu asiyeweza tena kusema "nimekuachilia", anafanyaje? Nitasoma kila jibu, hata la kunilaumu. La kunilaumu nitalisoma mara mbili.

Kesho ni Alhamisi. Korosho zimeanza kuanguka, nami nitaziacha chini niwahi basi. Hadija namba yangu anayo. Simu yangu siku hizi haizimwi mchana.