Kwale Wangu Ukutani kwa Msimamizi

Picha ile niliachiwa na mzee wa Kifaransa aliyekuwa akihama hoteli ya mtaa wa Al Sadd nilikofanya kazi ya mapokezi. Ilikuwa picha ya kupigwa chapa, ya zamani, ya wapenda uwindaji wa kwao: kwale wawili kwenye mabua ya ngano, mmoja ameinua shingo kana kwamba amesikia mbwa. Karatasi ilishageuka rangi ya chai. Nilikuwa na digrii na hofu nyingi, na Doha nzima hicho ndicho kitu pekee nilichokipenda.

Niliitundika juu ya kitanda changu, katika chumba tulicholala wanne huko Muaither. Haikupita wiki, mmoja wao, dereva wa hoteli yetu, Mtanga mwenzangu niliyemwita kaka, akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, viumbe wenye roho ukutani, tena upande wa kibla? Malaika watapita wapi?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Niliwaza sala zote nilizowaharibia wenzangu. Akajitolea kunihifadhia picha kwenye buti la gari mpaka nipate chumba changu. Nikamshukuru, nikamwomba radhi, kisha nikaanza kuwaza kama radhi ile ilitosha.

Ramadhani ilipofika, msimamizi wetu alitualika kufuturu kwake Al Thumama. Kwale wangu walikuwa sebuleni, ukuta wa kibla, ndani ya fremu mpya ya dhahabu.

"Umewaona?" msimamizi aliniambia. "Zawadi ya kaka yako huyu. Alikuwa anataka gari la wageni wakubwa, nikampa. Sasa haninunii tena!"

Watu wakacheka. Kaka akanisogezea sahani. "Chukua tende, adhana hiyo."

Tulipopanga safu, yeye alisimama mbele yangu, picha juu ya kichwa chake, akafunga mikono kwa utulivu kabisa. Mimi hata sikumbuki imamu alisoma sura gani.

Tukiwa garini kurudi nilimwambia, "Ungeniomba, ningekupa."

"Nikuombe wewe? Ungewaza mwezi mzima, gari lingekwenda kwa mwingine." Akanipiga bega, akacheka.

Alinijua hasa. Alijua kwamba nikishaona aibu nitaitoa picha mwenyewe kwa mikono miwili, na sitathubutu kuulizia iko wapi.

Tulipofika taa za barabarani za Al Sadd nikamwomba anishushe, nina kitu cha kununua. Sikuwa na cha kununua.