Nilivyoikimbia Nikahi Yangu

Shehe alikuwa keshanishika mkono. Wake ulikuwa mkavu na wa joto, wangu umelowa chepechepe. Akasema, "Nimekuozesha binti fulani kwa mahari mliyoafikiana," na msikiti mzima ukanyamaza kunisubiri niseme nimekubali. Ni maneno machache tu, na wiki nzima nilikuwa nikiyasema mbele ya kioo cha ami yangu.

Hayakutoka. Ncha za vidole ziliingia baridi, masikio yakaanza kuvuma, kisha moyo ukanigonga kifuani kama mtu aliyefungiwa chumbani anataka kutolewa. Pumzi ikakatika. Nikajua kwa yakini kwamba nakufa, tena nakufa mbele ya wakwe. Nikauchopoa mkono, nikainuka, nikakimbia. Barazani nilikanyaga sinia ya halua iliyokuwa ikisubiri wageni, nikaenda nayo hatua kadhaa imenigandia mguuni. Walinikuta kisimani nimejimwagia ndoo nzima ya maji kichwani, na joho bado liko mwilini. Joho lenyewe lilikuwa la kuazima, kutoka kwa jamaa wakubwa wa Wawi, na ami yangu alipoliona limelowa alishika kichwa kuliko alivyoshika kwa ajili yangu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, nikisomesha skuli moja karibu na Chake. Baba alikwishafariki, na ami ndiye aliyenilea na ndiye aliyeniposea. Sikumwambia mtu kuwa ile haikuwa mara ya kwanza. Hali ile iliwahi kunishika ndani ya gari la shamba, nikateremka katikati ya njia nikasingizia kwamba nimefika. Iliwahi kunishika mbele ya darasa, nikawatoa watoto nje wakacheze mpira saa ya sarufi. Walinipenda sana kwa hilo.

Lakini nikahi haina mpira. Mpaka magharibi Pemba nzima ilishakuwa na maelezo. Mama alisema ni jini wa mahaba aliyeona wivu. Majirani walisema nina mke Unguja. Baba wa mchumba wangu, mkulima wa Mgogoni asiyependa maneno mengi, alimwambia ami, "Ikiwa hamtaki mwanangu, aseme. Ana mdomo. Asitumie miguu." Ami akaapa kwamba namtaka ila naumwa. Wakaafikiana tusubiri mpaka msimu wa kuchuma karafuu uishe.

Mchumba wangu alimtuma shangazi yake aje kuniuliza jambo moja tu: halua ile niliyoikanyaga, ilibaki ya kuliwa au yote iliharibika? Shangazi alisema alikuwa akicheka alipolituma swali hilo. Nikaanza kupata tamaa.

Mama alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji nikanywa, akanisomea, nikatulia siku mbili tatu. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alimwambia mama, "Bi mkubwa, mie nimesoma nilichonacho. Mpelekeni na hospitali, moyo wake wenda mbio mno." Ndivyo mimi na ami tulivyofika kwa daktari mmoja Mhindi, mtu mnene, mpole, aliyekuwa na miwani myembamba na Kiswahili cha kujitengenezea mwenyewe.

Alinisikiliza moyo mbele na nyuma. Akasema ni mzima kama wa punda.

"Basi ana n'ni?" ami akauliza.

"Iko hofu. Mwili yake naona simba, nataka kimbia."

"Daktari, Pemba hakuna simba."

"Ndiyo shida, mzee. Mwili yake hajui iko Pemba."

Akatueleza kwamba alipokuwa anasoma Bombay alifundishwa taaluma ya kumtuliza mgonjwa kwa maneno, hata akawa kati ya macho na usingizi, na katika hali hiyo mwili ukafundishika. Inaitwa hipnosi. Ami akauliza hiyo pinosi ni ya vidonge au ya chupa. Daktari akasema haimezwi. Ami akanitazama kwa huruma, maana dawa isiyomezwa aliiona kama imetolewa nusu.

Nililazwa juu ya kitanda chembamba, ami akakaa kwenye kiti cha pembeni kuhakikisha sichukuliwi akili. Daktari akafunga dirisha, akaanza kwa sauti nzuri, ya chini, ya kubembeleza.

"Macho yako iko zito. Iko zito sana. Mikono yako nakuwa zito..."

Mazito, nikasema moyoni. Mizito.

"Miguu yako pia iko zito. Pumzi yako nakwenda polepole..."

Inakwenda.

Kila nilipoanza kuzama, kosa jingine lilinivuta juu kama ndoana. Nilikuwa mwalimu wa lugha, na kusahihisha kulikuwa kumeniingia damuni. Nilikuwa macho kuliko nilivyoingia. Ndipo ikasikika sauti ya kukoroma, nzito, ya raha, na daktari akatabasamu akidhani ni mimi. Alikuwa ami. Kidevu kilikuwa kimelala kifuani, kofia imemfika kwenye pua.

Daktari alipompigia makofi aamke, ami akasema, "Silali. Nawasikiliza."

"Na wewe," daktari akaniuliza, "kwa nini wewe hapana lala?"

Nikaona haya, lakini nikamwambia ukweli. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Vizuri! Basi wewe sema mwenyewe. Kwa lugha yako. Hapa daktari iko wewe."

Ndivyo alivyonifundisha. Kwanza nichague mahali ambapo mwili wangu umewahi kutulia. Nikachagua Kojani, kwa bibi mzaa mama, ambako utotoni nilikuwa nikilala mchana barazani huku wanawake wakipiga makumbi ya nazi yaliyoozeshwa, watoe nyuzi za kamba. Pa, pa, pa, taratibu, hawana haraka. Daktari akauliza makumbi ni dawa gani. Nikamwambia ni maganda. Akasema mazuri, pumua na maganda: pigo moja vuta, mapigo mawili toa. Kisha nijiambie kwa maneno yangu: mikono yangu mizito, miguu yangu mizito, mie nipo hapa, nimelala, hapana jambo.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Alitaka nijitazame. Hofu haianzi kifuani, alisema, ina mlango wake inapoingilia, niutafute. Nikajitazama wiki baada ya wiki, nikagundua kwamba kwangu inaanzia kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kikipoa tu, najua mgeni yuko njiani. Na nikigundua mapema, nikamsemesha, mara nyingi hupita zake. Nikimkimbia, hunifuata.

Tulikwenda kwa daktari kila Jumamosi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya hofu, ami alikwenda kwa ajili ya kiti. Mkewe alimshukuru sana daktari kwa kuwa mumewe siku hizi hanung'uniki.

Nilifanya mazoezi popote, hata darasani. Nikihisi kidole kimepoa nilifumba macho mbele ya ubao, nikapumua, nikanong'ona, nikaendelea na somo. Sikujua kama watoto wananitazama hivyo. Asubuhi moja niliingia nikakuta darasa zima limefumba macho, mikono imelala juu ya madawati. Nikawaambia watoe vitabu. Mmoja akajibu bila kufumbua, "Mwalimu, hatuwezi. Mikono yetu mizito."

Papo hapo mwalimu mkuu akasimama mlangoni.

"Wanafanya n'ni hawa?"

"Wanapumua, Bwana."

Akawatazama. "Kwani jana walikuwa hawapumui?"

Karafuu zikaisha, siku ikafika. Mara hii msikiti wa Mgogoni ulijaa hadi nje, kwa sababu watu waliokosa kuniona nikikimbia mara ya kwanza hawakukubali kukosa tena. Kaka wawili wa mchumba wangu, wapanda mikarafuu wenye mabega, walikaa mlangoni. Sinia za halua ziliwekwa mbali, chini ya ulinzi wa mzee mmoja mwenye bakora. Joho hatukupewa. Nilivaa kanzu yangu.

Shehe akanishika mkono, safari hii kwa mikono yake miwili. "Nimekuozesha binti fulani kwa mahari mliyoafikiana."

Kidole kidogo kikapoa.

Nikakisikia, na ajabu ni kwamba sikushangaa. Masikio yakaanza kuvuma. Nikafumba macho. Nyuma yangu nikasikia watu wakisogea, na mmoja wa wale kaka akisema, "Kaa tayari." Nikausikiliza uvumi mpaka nikayasikia makumbi. Nikavuta, nikatoa. Mikono yangu mizito, nikajiambia. Moyo uligonga, nikauacha ugonge. Ukaendelea, kisha ukapunguza, kama umechoka kuita pasipo mtu kuitika.

Kumbe kimya kile kilikuwa kirefu. Shehe akaninong'oneza, "Mwanangu, upo?"

"Nipo, Shehe," nikasema. "Nimeikubali nikahi yake kwa mahari yaliyotajwa."

Wanasema niliyatamka polepole na kwa utulivu mkubwa, hata baba mkwe akamuuliza jirani yake kama nimelewa. Lakini nilikuwa nimeyatamka. Halua ikaliwa, na kila aliyenipa mkono alinitazama miguuni kwanza.

Mke wangu nilimweleza yote tulipobaki wawili, nikitarajia anionee huruma. Akaniuliza, "Na weye ukinitia hofu mie, nishike kidole gani?" Tumekaa na swali hilo miaka mingi.

Hofu haikuniacha kabisa. Nisingependa mtu adhani daktari alinipa kufuli. Ilirudi mara moja moja. Mwaka uliofuata nilitakiwa kwenda Unguja kusomea zaidi ualimu. Tulipotoka bandarini meli ilianza kuyumba, tumbo likanipanda, jasho likanitoka, kichwa kikazunguka. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nami juu ya jamvi, akanitazama uso.

"Yaja?"

Nikajisikiliza kama nilivyofundishwa, kwa makini, bila pupa. Kidole kidogo kilikuwa na joto. Moyo ulikuwa mahali pake. Masikio hayakuvuma.

"Siyo," nikamwambia, na nilifurahi mno kujua tofauti. "Hii ni bahari tu."

Kisha nikamtapikia bwana mmoja wa heshima aliyekaa mbele yetu, nikamwomba radhi kwa sauti iliyotulia kabisa.