Siku Tuliyokagua Basi la Buluu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, Katanga ikiwa imejitenga na kuwa nchi yenye bendera yake yenyewe, mume wangu aliingia uani kwetu mtaa wa Kamalondo akiruka kwa mguu mmoja. Alikuwa dereva wa lori, mtu mzima na masharubu yake, lakini alinishika akanizungusha mpaka sufuria ya bukari, yaani ugali, ikapinduka.

"Nimepata otokari! Muzungu mumoja anarudia kwabo Ulaya, anauzisha. Iko bleu, weye, bleu!"

Otokari ni basi lile kubwa la safari ndefu. Yeye na kaka zake walikuwa wakilitamani tangu zamani. Nikamwambia hatununui kitu kabla baba yangu hajakiona. Baba alikuwa ametumia maisha yake kwenye karakana ya reli. Nilipokuwa msichana nilimpelekea chakula kila mchana, naye alinifundisha kutofautisha kwa sikio chuma kizima na chuma kilicholiwa na kutu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda watatu. Mume wangu alipanda mbio, akapiga honi, akajaribu kiti kimoja baada ya kingine. Mwenye basi, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, akanigeukia.

"Hapana kutu, madame. Hata kidogo."

Madame! Kabla ya uhuru hakuna Mzungu aliyewahi kuniita hivyo. Nilijificha nyuma ya mgongo wa baba nicheke.

Baba alikwaruza rangi kwa ukucha. "Rangi iko mupya sana," akasema. Akavua koti, akalala chini na nyundo yake, akaanza kujisukuma uvunguni. Mabega yalipita. Tumbo likakataa. Akazunguka upande wa pili, likakataa tena, na mkwewe yuko dirishani anatazama! Nikaona haya kwa ajili yake. Nikavua viatu, nikakaza kitambaa kiunoni, nikachukua nyundo mkononi mwake.

"Weye? Bibi-harusi?" mume wangu akapiga kelele.

"Acha aingie," baba akasema. "Masikio yake iko sawa na yangu."

Chini kulinuka mafuta na vumbi jekundu. Niligonga mihimili ya shasi, ile mifupa ya basi, hatua kwa hatua, na kila mara chuma kiliitika kwa sauti kali, safi. Baba alichuchumaa nje. "Iko muzuri. Songa." Nilisonga. Nyuma ya gurudumu la mwisho, sakafu ikajibu *pu*.

"Piga tena."

*Pu.*

Nikakwangua. Chini ya rangi kulikuwa na mastiki, ule udongo wa kuzibia matundu, na chini ya mastiki vipande vya gazeti. Nikasukuma kwa kidole, kisha kwa ngumi, na mkono wangu wote ukatokea ndani ya basi. Nikagusa kiatu. Sijui shetani gani alinipanda: nikakamata kile kifundo cha mguu kwa nguvu zangu zote.

Mume wangu alilia "Mamaaa!" akaruka viti vitatu. Baba alikaa mavumbini, machozi yakimtoka kwa kicheko. Mzungu naye alicheka, mpaka alipoona mkono ulikotokea.

"Ni kidogo tu, pale nyuma," akanong'ona.

"Bwana, ulisema hapana hata kidogo," baba akamjibu.

Bei ikashuka, na magurudumu mawili ya akiba yakaongezwa. Baba akamwambia mume wangu: "Mukwe, mifupa iko mizima. Ngozi tu njo inaoza, na ngozi nitaishona."

Tulirudi nalo mchana, mimi kiti cha mbele, kutu imejaa nyweleni. Kamalondo, mafundi cherehani waliacha mashine zao, kina mama wakapanda na vikapu vyao, na bila kupanga tukaelekea mtaa wa Katuba, watu wakiimba. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza tunakwenda mahali gani.

"Fasi yote!" mume wangu akajibu.

Askari akatazama nyuso zetu, akafungua njia.

Majuma mawili baba alishughulika na mabati mapya. Kisha basi likaanza kwenda Kasenga, kule mtoni kwa wavuvi, likipeleka watu na kurudi na watu na samaki. Vita vya kule kujitenga vilipofika mjini vililisimamisha kwa muda, halafu likaendelea, na safari nyingi mimi ndiye niliyekata tiketi.