Nilimudanganya Bokilo Juu ya Mulango Yake

Nilikosa. Ninaisema mbele, musinitafutie sababu. Nilikosa, na akili yangu yote ilikuwa kichwani!

Jina yangu muiache. Niko mutu ya Bunia, niko na bibi na batoto, na Mungu alinipa bokilo, baba ya bibi yangu, mutu muzuri kupita vile ninastahili. Njo yeye nilimukosea. Na yote ilianzia ku mashini moja ya kutoboa, perseze ya batri, ile haina kamba, yenye sikujua kuitumikisha. Ayi, haya gani hii!

Wakati ya vita nilikuwa sentineli, mulinzi ya mulango, kwa muzungu moja yenye alikuwa anatengeneza barabara. Siku ndege ilikuja kubachukua bazungu, alitupa nguo mu valizi, akanipa kisanduku ya plastiki, akasema: «Kamata, ni yako, ikusaidie.» Akapanda motokari, akaenda. Ata namna ya kuiwasha hakunionyesha.

Ndani mulikuwa mashini, batri mbili, byuma yake ya kutobolea, na kitabu kidogo ya maelezo, ya Kichina na luga ingine sijui ya nani. Ilikuwa na picha ya kidole gumba na mishale mbili. Karatasi yake laini, kabisa! Na ile siku nilikuwa na tumbaku, karatasi ya kuviringishia hakuna. Nilivuta ile kitabu yote, ata ukurasa ya mishale. Mukumbuke ile ukurasa.

Batri nilienda kuichaji kwa kinyozi, juu yeye alikuwa na grupe ya kuleta umeme. Nikarudi, nikaikala mu kiwanja, nikafinya. Vuuuu! Ile chuma ya mbele sikuikaza. Ikaruka, ikapiga sufuria ya mboga ya sombe, ngaa! Bibi yangu akalala chini. Jirani bakalala chini. Kartie muzima, mutaa yote, ililala chini juu ya sombe yangu.

Siku ya pili nilikaza. Nikaweka ku mubao, nikasukuma na kifua. Mubao ikatoa moshi, tundu hapana. Ku shingo ya mashini kulikuwa pete na namba, sawa ya radio. Niliizungusha, krr, krr, sawa mutu anatafuta habari ya inchi yake. Moshi tu. Nikaweka visi, ile musumari ya kuzungusha, ikacheza fasi moja, haiingii. Siku tatu nzima nilitukana ile mashini!

Siku ya ine, kwa hasira, nikaiweka ku visi ya zamani, ya mulango yangu mwenyewe. Nikafinya. Eh! Visi ikatoka yenyewe, sawa jino ya mutoto. Ya pili ikatoka. Ya tatu. Mulango ikaniangukia ku bega.

Mutu ya akili angesema: kama inajua kutosha visi, kuiondoa, haikosi namna ya kurudisha. Miye nilisema nini? Nilisema: kumbe! Bazungu bako na mashini mbili! Moja ya kutosha, moja ya kutia. Yangu ni ile ya kutosha! Na sikuisema mu roho. Niliisema mu barabara, kwa sauti, mikono ku kiuno.

Sasa mujue, ile wakati muji ilikuwa inabadilisha bakubwa kila mara. Leo kundi hii, kesho ile, na kila moja ikiingia inaiba. Na baliiba nini? Mabati na milango! Radio, mutu anaificha chini ya kitanda. Mulango utaificha wapi?

Njo Mama Zawadi, jirani yetu muuza mandazi, akaniita: «Enjeniere! Kama mashini yako inatosha, si utoshe milango yetu tuifiche? Bakikuja, bakute hakuna kitu ya kuiba.»

Batu bote bakasema: ee, njo vile! Hakuna ata moja aliuliza: nyumba bila mulango, mwizi ataingia namna gani? Ataingia, basi! Lakini vita ilikuwa imetuchosha akili, na miye nilikuwa nimeshaitwa enjeniere. Nilitosha milango kumi mu siku moja. Tuliipanga nyuma ya nyumba yangu, chini ya bashi, ile plastiki ya bakimbizi, na visi yote mu kopo ya maziwa.

Ikabakia moja, ya bokilo.

Bokilo yangu alitoka Fataki, kule alikuwa analima viazi na maharagi. Siku nyumba yake iliungua alikimbia na bibi yake, na hakuokoa nguo, hakuokoa jembe. Aliokoa mulango. Mulango ya libuyu, mubao nyekundu, nzito, yenye aliuzisha ngombe kwa kuinunua mwaka alioa. Aliifunga ku kinga, baiskeli yake, bakaisukuma bote bawili mpaka huku.

Ku Iga Barrière batu ya silaha balimusimamisha.

«Muzee, unabeba nini?»

«Mulango.»

«Ya wapi?»

«Ya nyumba yangu.»

«Na nyumba?»

«Iliungua.»

Balicheka mpaka moja akaikala chini. Bakamuambia: simamisha mulango yako hapa katikati ya barabara, upige hodi. Mama, bibi yake, akaishika isianguke. Muzee akapiga hodi. Bakasema: «Karibu, ingia.» Mama akaizungusha pole pole sawa mulango ya kweli, bakapita bote bawili, Mama akaifunga nyuma yabo. Njo bakabaacha baende.

Ile mulango tuliiweka ku chumba yabo mu kiwanja yangu. Kila mangaribi Muzee alikuwa anaifunga, anatia komeo, kisha tunamusikia ndani anamuambia Mama: «Sasa tuko nyumbani.» Kila mangaribi, bila kukosa.

Nilipofika na mashini, aliweka mukono ku mubao. «Mwana yangu, hii mulango nilishaitosha mara moja ku Fataki. Utairudisha?»

«Papa, weka roho chini. Nitairudisha miye mwenyewe.»

Nilisema vile. Na mudomo hii hii!

Bon. Balikuja. Balizunguka avenue yetu, bakaona matundu kila fasi, moja akasema: «Aka! Hapa benzetu balishapita.» Na bakaenda! Bakaenda kweli! Batu balinibeba juu sawa mufalme, Mama Zawadi alinipa mandazi karai muzima, na miye nilikula nikafikiri nimeshinda vita.

Kisha siku kidogo ya utulivu ikarudi, na batu bakaanza kuuliza milango. Mbuzi zilikuwa zinaingia kwa Mama Zawadi kula unga. Mutu akikuja kusalimia hana fasi ya kupiga, anapiga na mudomo, «ko-ko-ko», na ameshasimama kati ya nyumba. Kinyozi alikuwa anaoga, mufulani akaingia kumulomba chumvi.

Miye nikabaambia: «Hii ni mashini ya kutosha. Ile ya kutia iko Kampala. Nimeshatuma mutu.» Sikukuwa nimetuma mutu ata kuku.

Bokilo akaniuliza kwa upole: «Na turnevisi, bisibisi ya mukono, je?»

Haya! Turnevisi ilikuwa mu nyumba! Lakini enjeniere muzima, nipige magoti na turnevisi mbele ya batu bote? Nikamujibu: «Papa, visi ikishatoshwa na mashini, inakataa mukono. Inapasua mubao.»

Akanijibu: «Bon. Weye njo unajua.»

Na ule muzee aliniamini, juu hakutaka mulango yake ipate ata alama moja.

Asubuhi moja nilikuwa napangusa ile mashini. Kidole gumba ikasukuma kitu pembeni, juu kidogo ya fasi ya kufinya. Buto! Kitufe ndogo, nyeusi ku mashini nyeusi. Ikasema tik. Nikafinya, na mashini ikazunguka upande ingine. Nikakamata visi na kipande ya mubao. Visi ikaingia mpaka kichwa. Tik, ikatoka. Tik, ikaingia. Mungu yangu! Mishale mbili! Ile nilivuta!

Mpaka hapo ilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anasamehe. Musikilize sasa kosa yenyewe.

Milango ilikuwa pale, nyuma ya nyumba. Batri ilikuwa imejaa. Mbele ya saa sita ningemaliza yote, na ya bokilo ningeianza. Lakini nilisikia mu masikio kicheko ya Mama Zawadi. Nilisikia kinyozi anaelezea kila kichwa anakata. Na bokilo? Nitamuambia baba ya bibi yangu nini? Kama dawa ilikuwa chini ya kidole yangu, na miye namuelezea Kampala? Niliona haya. Nilinyamaza.

Nikatunga uongo ingine. Nikasema: nitaipaka rangi, nitasema ni ile ya pili imefika!

Rangi yenye nilipata ilikuwa ya kinyozi, ya roze, rangi ya waridi, ile alipakia duka yake. Nikamuambia ni ya kitanda ya mutoto. Nikapaka mashini yote, nikaitundika ku kamba ya nguo, nyuma ya kikwembe ya bibi yangu. Na mvua ikaanza. Rangi ya mafuta, mu mvua! Siku ya kwanza naigusa na kidole: bado. Siku ya pili: bado. Siku ya tatu: bado! Na kila asubuhi bokilo ananiuliza: «Habari ya Kampala?»

«Iko njiani, Papa.»

Siku ya ine, rangi ingali inanata, kamyo ikaingia.

Ilikuwa kundi ingine, sijui ya nani. Komanda yabo alifunua bashi, akakuta milango kumi na moja imepangwa vizuri, akapiga filimbi. «Nani alifanya kazi hii?»

Avenue nzima ikanitazama.

«Ni miye, shefu.»

«Aksanti sana, papa! Fasi ingine tunavunja na shoka, mubao inaharibika. Weye umetupangia sawa magazini, duka ya milango.» Akanipa mukono! Kisha akaniuliza: «Na visi yake?» Nikaenda, nikaleta kopo, nikamupa na mikono mbili, juu ya heshima. Ayi, miye!

Akaona mashini ku kamba. Akaikamata, vidole ikageuka roze. «Hii nini?» Nikasema kichezo ya mutoto. Akaitupa mu matope, akapangusa vidole ku kikwembe ya bibi yangu.

Mulango ya bokilo njo ilipandishwa ya mwisho. Muzee alisogea karibu ya kamyo. Niliogopa, nikasema batamuua sasa. Akabaambia tu: «Ile ya libuyu, musiiache ku mvua. Inavimba, kisha haifungi.»

«Tumesikia, Muzee,» komanda akamujibu. Na bakaenda.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze! Ningependa anipige na fimbo mbele ya batoto yangu! Alitundika bashi mu tundu ya chumba yake, akaifunga na mawe chini. Mangaribi nilisikiliza. Alipanga mawe, akalala. Ile neno yake ya nyumbani sikuisikia tena, ata leo ninapoandika.

Na yenye inaniua ni hii. Vita iliisha, tukatengeneza, kila mutu akanunua mulango yake ya mabati. Na Muzee, mutu akinicheka mbele yake juu ya ile milango, anasimama. Anasimama kwa fimbo yake! Anasema: «Mukwe yangu musimuguse. Alifanya yote. Mashini ya pili njo ilikawia Kampala. Vita inakawisha bitu.» Na miye niko pale, nachezea kikombe ya chayi.

Haikukawia, Papa. Haikukuwa. Ilikuwa buto.

Ndugu zangu, njia ya muongo ni fupi, yangu ilifika mpaka ku kamba ya nguo. Ukipewa chombo yenye hujui, uliza, ata kama ni mutoto unauliza. Usivute kitabu yake! Na ukishakosa mbele ya batu, bacheke siku ile ile, na weye ucheke nabo, kisha urudishe kitu ya mwenyewe. Usingoje rangi ikauke.

Bokilo yangu macho imechoka. Gazeti hii ni miye ninamusomea, na ukurasa yenye anapenda ni hii ya benye kukosa; anacheka mpaka anakohoa. Sikuandika jina, lakini Fataki, na hodi ya Iga Barrière, ni mutu moja tu. Siku itafika, atavuta kiti, atasema: «Soma.» Sitaruka ukurasa. Nitasoma mpaka mwisho, na ile mashini ya roze, yenye niliiokota mu matope, itakuwa ku meza, nitaweka kidole yake ku ile buto.