Tairi la Nyuma la Nesi

Mwezi uliopita nilirudi Garissa kwa likizo, nikamkuta mdogo wangu amenunua baiskeli. Daktari alimwambia mwili umezidi, apunguze chapati na aanze mazoezi. Akanitoa nje kwa mbwembwe nione mali mpya. Mimi sikutazama rangi wala kengele. Nilichuchumaa nyuma, nikabonyeza tairi, nikamwambia, "Panda. Shika ukuta, miguu isiguse chini." Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Walaal, dada yangu, umekuja kunisalimia ama kukagua gari la serikali?" Nikamwambia apande, asinichoshe. Akapanda. Nilipoona tairi lilivyolala mchangani, rafiki yangu, machozi yalinitoka palepale, mtu mzima mimi. Kaa basi nikueleze.

Baba yetu alikuwa fundi wa baiskeli kule Iftin, mtaa wetu wa Garissa, miaka ile ya tisini nilipokuwa msichana mdogo. Kazi aliifanyia chini ya mti wa mathenge mbele ya nyumba yetu. Mti huo ulimpa kivuli na ulimpa wateja, maana miba yake haikumwachia mtu tairi zima. Asubuhi tukitoka duksi, kule tulikosomea Kurani, nyanya alitupa anjera yenye samli na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia iliyonukia iliki. Kisha mimi nilijaza karai la maji na kusugua tyubu kwa msasa. Mpaka leo nikisikia mkokoteni wa punda ukilia kwa kukosa grisi, naona mitungi ya maji ya mto Tana ikipita, na baba ameinamisha kichwa juu ya karai akitafuta mapovu.

Alikuwa na kipimo kimoja tu cha upepo: dole gumba. Anapiga pampu, anabonyeza, anasema, "Bas." Dole lile lile kwa mwalimu wetu, ambaye upepo wa kiangazi ungeweza kumbeba, na kwa muuza maziwa mwenye madumu manne. Na dole lile lile kwa nesi.

Nesi alikuwa mkunga wa zahanati yetu, mwanamke wa kutoka huko chini mto unakoteremkia, mwenye sauti kubwa na mwili mkubwa, Mashallah. Ona, nimelisema hilo neno bila hata kufikiri. Kwetu ukitaja unene wa mtu bila Mashallah umemtupia jicho, na likimpata baya utaulizwa wewe. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema nesi ni mzito. Tena yeye ni mwanamke, na baba alikuwa mtu wa haya. Nesi akija, baba aliangusha macho kwenye spana zake na hayakupanda tena mpaka ameondoka. Hakuwahi hata siku moja kumwona amekaa juu ya baiskeli yake.

Baiskeli ile ilipata pancha kila wiki. Baba alipitisha vidole ndani ya tairi akitafuta mwiba, asiuone. Kwenye tyubu kulikuwa na matundu mawili madogo, yamekaa ubavu kwa ubavu. "Mama nesi, hii ni miba tu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mathenge mbaya sana." Akabandika viraka viwili, akatia upepo, akabonyeza. Bas.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na si rahisi kulisema. Nilipokuwa na miaka saba, mama alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nesi akaitwa. Njiani tairi lake la nyuma likaisha upepo, ikabidi asukume baiskeli mchangani kwa miguu, na jua la Garissa unalijua. Alipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, na hakulia. Watu walisema ni kadari ya Mungu, na ni kweli. Lakini baba hakula siku mbili. Yeye ndiye aliyeitengeneza baiskeli ile asubuhi yake.

Miaka miwili baadaye mama akawa na mimba tena. Tumbo lilipokaribia miezi minane, nyanya alitoka nje na bakora yake, akasimama mbele ya baba. "Safari hii ile baiskeli isilale njiani. Umesikia?" Baba akasikia, akasikia kupita kiasi. Nesi alipoleta baiskeli, aliipiga pampu mpaka kanzu ikamganda mgongoni na tairi likawa gumu kama jiwe la kusagia. Akajisifu siku nzima. Kesho yake nesi aliiegesha nje ya zahanati tangu asubuhi, na adhuhuri, jua likiwa kali, tairi likapasuka, paa! Enzi hizo mlio kama ule, kama wa bunduki, haukuwa mzaha kwetu. Wagonjwa walilala chini, duka la jirani lilifungwa, na mzee mmoja aliyekuwa hawezi kutembea alionekana upande wa pili wa barabara.

Nesi alikuja kwetu kwa miguu, tyubu iliyoraruka mkononi, sura imekunjamana.

"Fundi, niangalie."

Baba akaangalia spana.

"Haya, usiniangalie, lakini nisikilize. Mimi ni mzito. Nasema mwenyewe, jicho lisimpate mtu. Ukinipa upepo wa mwalimu, nikigonga jiwe, tairi linabonyea mpaka chuma kinabana tyubu. Matundu yako mawili hayo. Ukinijazia kama ngoma, jua linapasua. Huwezi kunipimia dole bila mimi kukaa juu."

Baba aliokota pampu. Alijua ni kweli, na alijua hawezi kumtazama. Nilimwona ameshika mpini wa pampu kwa mikono miwili, haipigi, na mimi mtoto nilielewa kwamba anamfikiria yule ambaye hakulia. Nyanya ndiye aliyetukomboa. Alinielekezea bakora. "Huyu msichana hana macho?"

Baiskeli ikaletwa, baba akaitia tairi na tyubu mpya, kisha tukaingia nyuma ya ua wa mabati, mimi na nesi. Nesi akapanda, akashika ukuta. Baba alibaki upande wa pili, akapitisha mpira wa pampu chini ya bati. Mimi nililala kifudifudi mchangani, pua karibu na tairi, nikawa macho ya baba.

"Niambie!" akaita.

"Aabo, limemwagika pande zote! Chuma karibu kiguse chini!"

"Sema Mashallah kwanza!"

"Mashallah, limemwagika!"

Nesi alicheka mpaka nikaogopa ukuta utaanguka. Baba akapiga pampu, nikaangalia, akapiga tena. Alitaka tairi litune kidogo tu pembeni, kama shavu la mtu aliyeficha tende mdomoni. Likitandaa, ongeza. Lisipotuna kabisa, limezidi, litamrusha nesi kwenye kila kokoto na jua litamalizia. La nyuma tulilitia zaidi, kwa kuwa ndilo linalobeba mwili, la mbele kidogo. Mwisho akapunguza kidogo upepo wa yote mawili, kuacha nafasi ya joto la mchana. Hata hivyo hakuridhika. Alimngoja dereva mmoja wa lori aliyepita akielekea Modogashe, mwenye geji ya upepo, akapima na kulinganisha na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hatukuwa tumeivuka. Baba akashusha pumzi.

Tangu siku hiyo nesi alipita kwetu kila Jumamosi, na kila Jumamosi nililala mchangani.

Mama alishikwa na uchungu baada ya swala ya alasiri. Nilikimbia zahanati pekupeku, sikuhisi hata mwiba. Nesi alichukua mkoba wake, akatupa mguu juu ya baiskeli, na mimi, unaamini, nikamzuia. Nikalala chini. "We mtoto, mama yako anazaa!" Nikasema, "Mashallah, liko sawa," akaondoka. Nilimfuata mbio. Palikuwa na mchanga, palikuwa na kokoto za barabara kuu, palikuwa na lile jiwe la kona ambalo lilimwangusha kila mtu, akalipanda na kushuka. Tairi lilitulia. Sijawahi kupenda kitu kisicho na roho kama nilivyolipenda tairi lile.

Mtoto alikuja amezungukwa na kitovu shingoni. Mikono ya nesi ilikuwepo, ikakifungua. Baba alikuwa nje chini ya mathenge, ameshika pampu, hajui anaishikia nini. Kisha tukasikia kilio, kikali, cha mtu aliyeudhika. Baba akaenda sijida palepale kwenye grisi. Na ndani nikamsikia nesi, "Loo, mzito huyu!" na nyanya akamkemea, "Sema Mashallah, wewe!"

Siku hizi mathenge ule haupo, pamejengwa duka la simu. Nyanya alitangulia, kisha baba. Nesi alistaafu akarudi kwao mtoni, na habari za msiba wake zilitufikia baada ya kuzikwa, hata sikupata kumshukuru. Kijana wa dukani aliyemuuzia mdogo wangu baiskeli alijaza tairi kwa mashine, akampungia mkono. Hakumwambia apande. Labda aliona haya, namsamehe.

Mdogo wangu, yule yule mzito wa nesi, alikuwa bado juu ya baiskeli, ameshika ukuta, ananitazama nikilia. "Walaal, kuna nini huko chini?" Nikapangusa uso, nikaomba pampu.

"Mashallah," nikamwambia, "umelimwaga." Nikalipiga pampu tairi la nyuma, nikainama nikatazama, nikapiga tena mpaka likatuna kidogo tu. Kisha nikamwachia aende.